Visiwa vya mawe ya graniti visivyo na watu: ni kweli havina kazi?

#1 Mwalimu wa Iringa (mleta uzi)

Kamwene wadau wa Nyanda za Juu Kusini, na nyie wengine mnaopita humu.

Kwenye uzi wa utalii wa wiki iliyopita kuna mdau alisema visiwa vidogo vya mawe visivyokaliwa na watu ni "ardhi iliyokufa", na kwamba nchi yenye akili ingevigawa vyote kwa wawekezaji wajenge hoteli. Nilianza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora nifungue uzi. Nafundisha jiografia sekondari hapa Iringa mjini na jambo hili liko moyoni mwangu. Sikubaliani naye, na nitaeleza kwa kirefu kwa nini.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana hapo sisi ni wenyeji. Aliyekulia Iringa hahitaji kuoneshwa graniti kitabuni. Panda Gangilonga jioni uangalie mji: mawe makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana, mengine yamepasuka katikati mtu anapita. Halafu nenda kwa wagonga kokoto uone wanavyoanza kazi. Hawaanzi na nyundo. Wanawasha moto juu ya mwamba na kuuacha ukolee, mpaka jiwe litoe mlio na tabaka la juu lijitenge. Hapo ndipo nyundo inaingia, na tabaka linabanduka kama ganda la kitunguu. Jua la mchana, baridi ya usiku na mvua vinafanya kazi hiyohiyo taratibu kwa mamilioni ya miaka. Maji yanaingia kwenye nyufa, pembe zinalika kabla ya katikati, udongo unasombwa, mwisho yanabaki yale mawe ya mviringo tunayoyaona kila siku.

Sasa chukua kilima cha namna hiyo ukizungushie Bahari ya Hindi pande zote. Hiyo ndiyo sura ya visiwa vya ndani vya Shelisheli, takribani kilomita 1,800 mashariki ya pwani yetu. Na hapo kuna ajabu ambayo wanafunzi wangu huwa wanaishtukia wenyewe: graniti ni jiwe la bara. Visiwa vya katikati ya bahari kwa kawaida ni volkano, kama Komoro na Réunion, au ni matumbawe. Graniti ya Shelisheli ina umri wa miaka kama milioni 750, wakati sakafu ya bahari inayoizunguka ni changa kwa mbali. Ilifikaje huko?

Haikufika. Ilibaki. Shelisheli ni kipande cha bara kuu la kale la Gondwana. Afrika ilijitenga upande mmoja, Bukini (Madagaska) ikabaki njiani, India ikaendelea kwenda kaskazini, na kama miaka milioni 65 iliyopita India ikaachana na kipande hiki. Vilele vyake vilivyobaki juu ya maji ndivyo hivyo visiwa. Vikubwa kama Mahé na Praslin vina watu. Vidogo havina, au vina walinzi wachache tu. Na vidogo ndivyo vilivyojaa ndege.

Nakuja na sehemu ya ndege, msiharakishe kunijibu.

#2 Mgonga Kokoto

Mwalimu umenigusa. Mimi nimekula miaka na hayo mawe. Kweli kabisa, jiwe usipolichoma linakuchosha bure. Endelea.

#3 Mwalimu wa Iringa

Sehemu ya pili: ndege.

Ndege wa bahari anaweza kuishi baharini kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Anakula baharini na kunywa maji ya chumvi, maana ana tezi juu ya macho zinazotoa chumvi na kuipitisha puani. Wengine hata usingizi wanaupata wakiwa angani. Lakini yai halikai juu ya maji. Hata ndege huyo awe hodari vipi, lazima msimu ufike arudi kwenye nchi kavu, na akiwa kwenye nchi kavu hana ujanja. Wengi wao hawajui kupigana na mnyama wa miguu minne, kwa sababu walikotokea hakukuwa na mnyama wa namna hiyo. Kinga yao kubwa ni bahari yenyewe. Jiwe lisilo na maji ya kunywa, lisilo na gati, linalopigwa na mawimbi hadi boti haliwezi kutia nanga, kwa mtu ni usumbufu. Kwa ndege ni usalama.

Mchukue buabua mgongo mweusi, yule mdogo mwenye tumbo jeupe na mkia wa panda. Manyoya yake hayazuii maji sawasawa, kwa hiyo hawezi kutua baharini akapumzika muda mrefu. Kinda akishaondoka kisiwani alikozaliwa anaweza kukaa miaka kadhaa hewani bila kugusa ardhi. Anarudi kuzaa akiwa na umri wa miaka kama minne hadi minane. Akirudi anataga yai moja. Moja tu, chini, juu ya udongo au majani makavu, lenye madoadoa. Huko Shelisheli hutaga wakati wa kusi, kuanzia Juni hivi. Maelfu kwa maelfu wanakaa karibukaribu, kila mmoja akilinda kipande chake kwa mdomo, kelele usiku na mchana, na mzazi akirudi na samaki anamjua mwanawe kwa sauti katikati ya vurugu ile yote.

Buabua mweupe ndiye ninayempenda zaidi. Hajengi kiota kabisa. Anatafuta tawi lenye kibonyeo kidogo, au mwamba, anataga yai moja pale pale juu ya ganda la mti. Hakuna nyasi, hakuna kizuizi. Yai linakaa kwa kuegama tu, na upepo unavuma. Anayelalia huwa anarudi nyuma kwa hatua ndogondogo anapoondoka ili asiligonge. Kinda akianguliwa anakuja na kucha kali na miguu yenye nguvu, anang'ang'ania tawi tangu siku ya kwanza. Ndege wa namna hii unamwekea paka au panya jirani, ataishi vipi?

Wapo pia wanaochimba mashimo kati ya mawe, ambao mchana huwaoni kabisa. Wanarudi gizani, na wakiwa mashimoni wanalia kwa sauti ndefu ya kuomboleza ambayo mgeni akilala karibu anaweza kudhani kuna mtoto mchanga ametupwa porini. Na yupo ndege mweupe mwenye manyoya mawili marefu mkiani, hodari sana hewani, lakini miguu yake imekaa nyuma mno hata kutembea hawezi. Anajiburuza kwa kifua hadi kwenye upenyo chini ya jiwe. Hapo graniti inafanya kazi ambayo kisiwa cha mchanga hakiwezi: nyufa na mapango madogo kila mahali, kila upenyo ni chumba cha mtu.

Mfano mkubwa ni Aride, kaskazini ya Praslin. Ukubwa wake ni hekta kama 70, yaani shamba la mtu mmoja kwa vipimo vya baadhi ya wakubwa wa huku kwetu. Ndege wa bahari wanaozaa hapo kwa mwaka wanazidi milioni moja. Hakuna wakazi zaidi ya watunzaji wachache wa hifadhi. Mwaka 1973 kilinunuliwa na Mwingereza Christopher Cadbury ili kiwe hifadhi, na mwaka 1975 kikatangazwa kisheria. Kuna hata mti mmoja wa maua meupe yenye madoa ya zambarau ambao porini umebaki hapo tu.

Hiyo ndiyo "ardhi iliyokufa".

#4 Kijana wa Uyole

Mimi ndiye niliyesema hayo maneno kule kwenye uzi wa utalii, na bado nayasimamia, ila naheshimu ulivyojibu, kaka. Swali langu ni rahisi. Huku Mbeya vijana hawana ajira. Nchi ikiwa na kisiwa, ikakiacha kwa ndege, yule kijana anapata nini? Ndege milioni moja hawalipi ada ya mtu. Hoteli ya vyumba ishirini inaajiri mpishi, mlinzi, nahodha, mfua nguo. Nitajie faida ambayo mtu wa kawaida ataiona kwa macho.

#5 Mama wa Parachichi, Njombe

Hapo kijana ameuliza la maana. Na mimi nina la kwangu: ndege milioni moja kwa hekta 70, kinyesi chao kinaenda wapi? Mimi nafuga kuku, najua samadi ya kuku inavyoamsha mti. Hao wa baharini si wana mbolea ya kutosha nchi nzima?

#6 Mwalimu wa Iringa

Mama umenirahisishia kumjibu kijana, shikamoo.

Kinyesi cha ndege wa bahari ni mbolea kali kweli, ina naitrojeni na fosfati kwa wingi. Dunia iliwahi kuigombania. Katika karne ya 19 Peru iliendesha serikali yake kwa kuuza kinyesi cha ndege kilichorundikana kwenye visiwa vyake vikavu, na Marekani mwaka 1856 ilitunga sheria ya kuruhusu raia wake kudai visiwa vyenye mbolea hiyo popote visipokuwa na mwenyewe. Kwenye graniti ya Shelisheli mvua ni nyingi, kwa hiyo hakirundikani milima kwa milima. Kinaoshwa. Sehemu inalisha miti ya kisiwa, nyingine inashuka baharini.

Na ikishuka baharini ndipo mvuvi anaingia. Mwaka 2018 jarida la Nature lilitoa utafiti uliofanywa Visiwa vya Chagos, mbali mashariki ya Shelisheli. Vile ni vya matumbawe, si graniti, lakini vilifaa sana kwa kulinganisha: vingine vina panya tangu enzi za meli za zamani, vingine panya hawakufika. Walichukua sita vya aina hii na sita vya aina ile. Visivyo na panya vilikuwa na ndege mamia ya mara zaidi, na naitrojeni iliyoshuka kutoka kwa ndege ilikuwa mara 251 zaidi. Kisha wakapima samaki kwenye miamba ya jirani. Uzito wa samaki kando ya visiwa visivyo na panya ulizidi kwa asilimia 48. Karibu nusu zaidi, kijana wangu wa Uyole. Mvuvi hahitaji kukanyaga kisiwa. Anavua pembeni yake.

Kuna na la jodari. Buabua hawapigi mbizi ndefu, wanategemea jodari wawafukuze samaki wadogo hadi juu. Kwa hiyo kundi la ndege likizunguka mahali baharini, chini kuna jodari. Wavuvi wamelijua hilo toka zamani, na meli kubwa za kisasa zina rada za kutafuta makundi ya ndege. Shelisheli jodari ni nguzo ya uchumi wa nchi, kiwanda cha kusindika kiko bandarini Victoria, kinaajiri watu wengi kuliko hoteli ya vyumba ishirini.

Lakini mama, jibu la swali lako lililo karibu zaidi halipo Shelisheli. Lipo ghalani kwako. Mbolea ya Minjingu unaitumia?

#7 Mama wa Parachichi, Njombe

Naitumia kwenye viazi na kupandia mahindi. Imehusiana nini na ndege wa bahari? Minjingu si kule Manyara?

#8 Mwalimu wa Iringa

Kule kule Manyara, mashariki ya ziwa. Na habari yake inafaa kufundishwa shule zote za nchi hii.

Zamani Ziwa Manyara lilikuwa kubwa na la kina kuliko hili la leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa cha mawe ndani yake. Hakikuwa na mtu. Kilikuwa na minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi wanaokaa wameanika mabawa. Walikaa hapo vizazi kwa vizazi, wanakula samaki, wanataga, wanakufa, na kinyesi na mifupa vikaporomoka na kutuama chini ya maji kuzunguka kisiwa. Ziwa likapungua. Tabaka likabaki. Fosfati inayochimbwa hapo, ambayo uchimbaji wake ulianza mwaka 1983, imetokana na ndege hao kwa sehemu kubwa. Watafiti wameokota mifupa ya minandi ndani ya tabaka hilo.

Kwa hiyo mahindi ya Mbozi na viazi vya Njombe vilivyopandiwa Minjingu vimelishwa na kisiwa kidogo cha mawe ambacho hakuna binadamu aliyekiishi. Hilo ndilo ninalotaka tulishike katika uzi huu. Ndege anachukua chakula baharini au ziwani, mahali ambapo mtu asingekifikia, anakileta juu ya jiwe. Jiwe halifanyi kitu zaidi ya kuwa salama. Ukiliondolea usalama, hakuna mbolea, hakuna samaki wa ziada, hakuna buabua wa kumwonesha mvuvi jodari.

#9 Kijana wa Uyole

Hili la Minjingu sikulijua kabisa. Nimelisoma mara mbili.

#10 Mdau wa Mafinga

Nimeona unataja panya mara nyingi. Sisi wa maghala tunawajua, gunia la mahindi wiki moja limekwisha. Lakini panya mdogo atamfanya nini ndege mkubwa wa baharini? Na atafikaje kisiwani kilomita zote hizo?

#11 Mwalimu wa Iringa

Anafika kwa meli. Kwa kamba ya kutia nanga, kwenye gunia la mchele, kwenye boksi la vifaa vya ujenzi. Jike mmoja mwenye mimba anatosha.

Akifika hana haja ya kumpiga ndege mzima. Anakula mayai. Anakula makinda. Kwa wanaokaa mashimoni anaingia shimoni humohumo, hakuna pa kukimbilia. Na mzazi, kama nilivyosema, hajui kujitetea. Kuna visiwa duniani ambako panya wameonekana wakimla kinda hai na mzazi amekaa pembeni hajui la kufanya. Ndege anayetaga yai moja kwa mwaka akilikosa miaka kumi mfululizo, kundi zima linazeeka bila watoto. Kwa macho utaona ndege bado wapo, utadhani mambo ni mazuri. Siku moja wazee wanaisha kwa pamoja.

Nitoe mfano mbali kidogo na kwetu, kwa sababu umeandikwa vizuri mwanzo hadi mwisho. Uskoti kuna kisiwa kinaitwa Ailsa Craig, graniti tupu, hekta kama 100, kilele mita 338 juu ya bahari, kilomita 16 kutoka pwani. Hakikaliwi na mtu. Jiwe lake ni laini kwa chembe na gumu ajabu, kiasi kwamba mawe yanayotumika kwenye ule mchezo wa Olimpiki ya majira ya baridi, wa kutelezesha jiwe juu ya barafu, yanatoka hapo. Mwaka 1886 walijenga mnara wa taa. Panya waliingia kisiwani karne hiyo hiyo ya 19. Palikuwa na ndege wafupi wenye midomo ya rangi kali wanaozaa mashimoni, wengi kupita kuhesabika. Panya wakawamaliza. Wale wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, wanaozaa kwenye majabali wasikofika panya, wakabaki, na mwaka 2014 walihesabiwa wakazidi jozi 30,000. Hao wa mashimoni wakatoweka kwa miaka mingi.

Mwaka 1991 wakaamua. Tani kadhaa za sumu ya panya zilipelekwa kwa helikopta za jeshi la majini, ikatawanywa kisiwa kizima, kila pango. Panya wakaisha. Kisha kusubiri. Mwaka 2002 wale wa midomo ya rangi wakazaa tena hapo. Miaka zaidi ya kumi ya subira baada ya sumu kumaliza kazi. Na mawe ya mchezo bado yanachukuliwa hadi leo, ila ni yale yaliyokwisha kuanguka, bila kulipua, kwa vipindi. Faida inapatikana na ndege wapo.

Aride wao walibahatika, panya hawakuwahi kuingia, na ndiyo maana wana utaratibu mkali. Boti ya wageni haigusi ufukwe. Inasimama nje, boti ya hifadhi yenyewe inatoka kuwachukua, mizigo inaangaliwa, ndipo wanashushwa mchangani. Bahari ikichafuka hakuna kushuka, hata kama umeshalipa. Mtu anaweza kuona ni usumbufu mkubwa kwa ajili ya ndege. Kwangu mimi ni sheria nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma za utalii, kwa sababu inalinda kile kile mgeni alichofuata.

#12 Mzee wa Tukuyu

Nimefuatilia kimya. Mwalimu, huku kwetu Rungwe hatuna hiyo graniti yenu ya Iringa, sisi tuna mawe ya moto, ya volkano. Sasa hiyo ya Uskoti ni ya bara kama ya Shelisheli, au ni vipi?

#13 Mwalimu wa Iringa

Shikamoo mzee. Swali zuri sana. Ailsa Craig ipo katikati ya kwenu na kwetu. Ni uji wa moto wa volkano ya miaka kama milioni 60 iliyopita ambao haukutoka nje, ulipoa na kuganda ndani ya koo la mlima, ukawa graniti ya chembe ndogo. Mlima wenyewe ukalika, koo likabaki limesimama baharini. Ya Shelisheli ni kongwe zaidi ya mara kumi na ni kipande cha bara. Ndege hawajali tofauti hiyo, wanachotafuta ni nyufa na upweke.

#14 Kijana wa Uyole

Turudi kwenye hoteli, maana sijamaliza. Nimetafuta nikakuta Shelisheli hiyo hiyo kuna kisiwa cha graniti kinaitwa Frégate, kimejengwa hoteli ya matajiri, na ndege wa asili wapo. Kwa nini hukukitaja? Au kwa sababu kinakupinga?

#15 Mwalimu wa Iringa

Hapana, umefanya vizuri kukileta. Frégate kina zaidi ya hekta 200, kina maji, kina udongo, kimelimwa tangu zamani. Si kijiwe cha baharini. Na historia yake inanisaidia kuliko kunipinga: mwaka 1995 panya wa kahawia waliingia, na ilibidi hadi mwaka 2000 kumwaga sumu kwa helikopta kuwatoa. Kabla ya kumwaga, ndege adimu wa nchi kavu ilibidi wakamatwe wafungiwe pembeni wasile sumu. Gharama hiyo imebebwa kwa sababu mwenye kisiwa alikuwa na fedha na alitaka ndege wabaki. Nakubali kabisa: hoteli yenye mwenye moyo inaweza kulipia uhifadhi, kwenye kisiwa kikubwa.

Lakini kisiwa cha hekta mbili au ishirini hakina nafasi ya kukosea. Ukiweka jenereta, tangi, taa za usiku, jiko na dampo la taka, umekimaliza. Taa peke yake inatosha kuwaangusha wale wanaoruka gizani. Hakuna "sehemu ya ndege" na "sehemu ya wageni" kwenye jiwe ambalo unalizunguka kwa dakika chache.

Na Cousin, jirani wa Praslin, inajibu la ajira. Hekta chini ya 30. Mwaka 1968 kilinunuliwa na shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege ili kumwokoa ndege mmoja mdogo wa kichakani, ambaye duniani kote alikuwa amebaki hapo tu, idadi haifiki 30. Kilikuwa shamba la minazi. Wakaacha msitu urudi, ndege akaongezeka, wengine wakahamishiwa visiwa vingine, leo wanahesabiwa kwa maelfu. Na kina kazi: walinzi, manahodha, waongoza wageni. Wageni wanakuja kwa saa chache, wanalipa, wanaondoka. Wanalala na kula Praslin, na ajira za hoteli unazozitaka ziko huko Praslin, upande wa pili wa maji.

#16 Mdau wa Mafinga

Vipi mayai? Nimesikia Shelisheli wanakula hayo mayai ya baharini. Kuku wangu nikichukua yai anataga lingine. Buabua hawezi?

#17 Mwalimu wa Iringa

Wanakula, ni chakula cha heshima kwao msimu wa kusi, na huo ni utamaduni wao, siwalaumu. Buabua akipoteza yai mapema anaweza kutaga la pili. Ndiyo maana serikali yao imekuwa ikiweka msimu na vibali, na kutenga visiwa vinavyoruhusiwa na vinavyokatazwa. Tatizo ni anayekuja usiku bila kibali na kuchukua hadi la mwisho, mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata. Kuku wako anaanza kutaga kabla hajatimiza mwaka. Buabua amesubiri miaka sita hewani.

Na tusiwatazame Washelisheli tu. Na sisi tuna cha kwetu: Fungu Kizimkazi, ambalo kwenye ramani nyingi linaandikwa Latham, kusini mashariki ya Unguja. Si graniti, ni tumbawe bapa lililoinuka mita chache tu, halina mti, halina maji. Hapo wanazaa buabua mgongo mweusi na wale wakubwa weupe wapiga mbizi wenye uso mweusi. Kwa ndege wa bahari kuu ni mahali pekee pa maana pwani yote ya Tanzania. Wavuvi hufika. Ni Watanzania wangapi wanajua kwamba lipo?

#18 Mgonga Kokoto

Mimi sikujua, na nimesoma hadi kidato cha nne.

#19 Mnyasa wa Mbamba Bay

Habari zenu. Mimi nipo huku ziwani. Huku kwetu kuna mawe yametokeza majini, mengine ni visiwa vidogo kabisa, na pale Liuli kuna lile jiwe la Pomonda ambalo Wajerumani waliliona linafanana na ile sanamu ya Misri, Sphinx, wakaipa bandari jina hilo. Baadhi ya hayo mawe ya ndani ni meupe juu hadi chini kwa kinyesi cha minandi. Wavuvi wetu wakiyaona wanajua wapi pa kutega. Vijana wengine hushuka kuokota mayai. Mwalimu, haya yanahesabika katika hayo unayosema, au ni ya baharini tu?

#20 Mwalimu wa Iringa

Yanahesabika kabisa, ndugu yangu. Mnandi wa Ziwa Nyasa ni wa jamii moja na wale wa Minjingu, na jiwe jeupe unaloliona ni Minjingu ambayo bado inatengenezwa. Chini yake ndipo wale samaki wadogo wa rangi wa mawe wanapoishi, ambao wengine hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hilo, na kinyesi kinachoshuka kinalisha mwani wanaoukwangua.

Mna faida moja ambayo Aride hawana: ninyi ni wenyeji, mnaonana kila siku, hamhitaji helikopta. Kamati ya wavuvi wa ufukweni inaweza kukaa na kukubaliana kwamba mawe fulani hayashukwi wakati wa mayai, na mtumbwi wenye mzigo wa nafaka usifungwe hapo usiku, panya asipate njia. Hakuna fedha inayotakiwa.

Ninachokuomba ni kitu kimoja kwa sasa. Waulize wazee wa uvuvi ni miezi gani wanaona mayai na miezi gani wanaona makinda, na kwenye jiwe lipi. Usishuke kuhesabu wakati ndege wamelalia. Wakiruka wote kwa pamoja mayai yanaachwa juani, na kunguru na mwewe wanashuka hapo hapo. Kaa kwenye mtumbwi kwa mbali, hesabu viota kwa macho au kwa picha ya simu. Ukipata, iandike hapa. Darasa langu la kidato cha tatu wataichora ramani, na Kijana wa Uyole akikubali tutamkabidhi hesabu.

#21 Kijana wa Uyole

Nimekubali. Mnyasa, nitumie hata za jiwe moja kwanza, na uniandikie tarehe na saa uliyopiga picha.